Suruali Mia Moja na Themanini

Tarehe 14 Machi 2011, karakana moja ya sare za shule ilikata suruali mia moja na themanini, zote fupi kwa inchi kumi. Msimamizi wa meza ya kukatia alikuwa Mzee Futi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya futi ya kamba isiyotoka shingoni mwake hata akienda kula.

Juu ya meza hiyo alikuwa ameandika ukutani, kwa rangi nyeupe: ANAYEULIZA MARA MBILI HAKUSIKILIZA. Aliamini maneno hayo ndiyo yaliyomtoa kwenye viraka hadi kusimamia mafundi kumi na wanne. Wateja waliyapiga picha. Mafundi walijifunza kunyamaza.

Asubuhi ile alimwambia shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, kwamba urefu ni inchi ishirini na tisa. Shemeji aliona ni fupi mno kwa vijana wa sekondari. Akageuka amuulize, akatazama ukuta, akakata.

Jioni, mwenye karakana alipokuja juu, Mzee Futi alijibu bila kupepesa: "Mimi nilisema thelathini na tisa." Kisha akanyoosha kidole ukutani. Shemeji akahamishiwa kwenye vifungo, na wenzake wakambandika jina: Masikio ya Nta.

Mzee Futi ameniambia alikusudia kusema ukweli wiki iliyofuata. Halafu mwezi uliofuata.

Ilipita miaka kumi na miwili. Wiki iliyopita, wiki chache kabla ya kustaafu kwake, mafundi walikaa kunywa chai, na mwenye karakana akauliza nani arithi meza.

"Mpe Masikio ya Nta!" fundi wa kola akadakia. "Ukimwagiza suruali, anakuletea kaptula!"

Wakaangua kicheko. Shemeji naye alicheka. "Niacheni jamani. Hospitali nimekwenda mara mbili kupima haya masikio. Daktari kaniambia, mama, wewe unasikia hata mchwa akitafuna. Nikamwambia pima tena."

Mzee Futi hakuwa na habari ya hospitali. Akaweka kikombe chini.

"Ulisikia sawa," akasema. "Nilisema ishirini na tisa."



"Miaka yote hii, shemeji," akasema yule mama. "Hata wanangu nawaambia wapaze sauti."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza."

Tangu siku hiyo Mzee Futi anaingia kwa mlango wa nyuma, na chai anakunywa peke yake stoo, kati ya majora ya kitambaa. Nilipomuuliza kuhusu maandishi ya ukutani, alitazama viatu vyake. "Niliyaandika ili nisiulizwe," akasema. "Nilikuwa sijui kusoma oda vizuri."

Mwenye karakana amemwomba shemeji achukue meza ya kukatia. Shemeji amesema atamjibu Jumatatu, akishaongea na mumewe.