Boti Mbili za Wagonjwa na Jaribio Nililokataa Kulifuta

Nilipoambiwa kosa ni la muuguzi wa Ilagala, nilikataa kabla hata sijajua kwa nini nakataa.

Nilikuwa naandika programu katika ofisi ndogo pale Gungu. Mfumo wetu ulipanga zamu za boti mbili za kubeba wagonjwa ziwani, moja ya Kigoma mjini, nyingine ya Ilagala, kila moja chini ya muuguzi wa kituo chake. Sharti lilikuwa moja tu: wakati wote boti moja ibaki tayari. Asubuhi moja zote mbili zilikutwa zimefunguliwa injini kwa matengenezo, na mama mwenye uchungu akasubiri ufukweni hadi wavuvi wakampakia kwenye mtumbwi wao. Alifika, akajifungua salama. Lakini mkubwa wangu alikuwa ameshaandika: uzembe wa muuguzi.

Nikaenda Ilagala mwenyewe. Muuguzi, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, alinipokea na barua ya kutakiwa kujieleza mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunihoji?"

"Nimekuja kukusikiliza."

"Niliangalia kwanza. Skrini ilisema boti ya mjini ipo. Ndipo nikaitoa yangu ikatengenezwe. Mzembe anaangalia?"

Nilimpigia simu mwenzake wa mjini. Naye aliniambia hayohayo, kuhusu boti ya Ilagala, na dakika ni ileile. Hapo nikaelewa. Kila mmoja alisoma kabla mwenzake hajamaliza kuandika, na kwa kuwa kila mmoja aligusa mstari wa boti yake tu, kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, iliwakubalia wote. Mwongo alikuwa mfumo wetu.

Nikaandika jaribio, programu inayojifanya wauguzi wawili. Wa kwanza anaangalia, wa pili anaangalia, kisha kila mmoja anatoa boti yake. Lazima mmoja akataliwe. Nikaliendesha: wote wakakubaliwa. Nikapandisha kiwango cha kutenganisha miamala, yaani ukali wa kanzidata katika kuzuia kazi mbili za wakati mmoja zisigongane, hadi kile kikali kuliko vyote, nikaliendesha tena. Wa pili akakataliwa, akaambiwa ajaribu tena. Kisha nikaliweka lijiendeshe lenyewe kila programu inapobadilishwa. Likifeli, mabadiliko hayatoki ofisini.

Matokeo yote mawili niliyachapa nikayapeleka kwenye kikao cha wateja waliotupatia kazi hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Barua ya yule muuguzi ikafutwa.

Wiki chache baadaye mkubwa alirudisha kiwango cha zamani, eti watumiaji wamechoka kuambiwa "jaribu tena". Jaribio likafeli, kazi yake ikakwama. Akaja mezani kwangu.

"Lifute hilo. Linatuchelewesha."

"Silifuti."

"Nakuamuru."

"Basi niandikie amri hiyo, bosi, uweke na sahihi yako."

 Macho sikuyashusha. Hakuandika. Kiwango kile kikali kikarudi, na mimi nikaufundisha mfumo ujaribu tena wenyewe, halafu umwambie mtumiaji sababu kwa Kiswahili cha kawaida: boti ya mwenzako imeshatoka, yako ibaki.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa kutengeneza mashine za kuchapia. Wenzangu walinishauri nikaombe radhi. Nikawauliza, kwa kosa gani? Sikwenda.