Chungu Kisichoinuliwa

Katika Kampemba yetu, hapa Lubumbashi, mimi ndiye niliyerudi na diploma ya Ubelgiji, na sikuisomea kwa pesa za mjomba yeyote. Niliosha sahani za hoteli. Huko ndiko nilikojifunza kupenda vyungu wanavyoviita brutaliste: udongo mzito usiolainishwa, wenye makovu ya kisu na vidole, kama ukuta wa saruji usiopigwa lipu. Wazungu walipokuwa wakihama Lubumbashi, wenzangu waligombea friji zao. Mimi nilichagua vyungu. Jicho hilo, mjini hapa, nilikuwa nalo peke yangu.

Kikubwa kuliko vyote kilinifika kifuani. Kitakoni kilikuwa na muhuri wa mwanamke wa Kibelgiji aliyekifinyanga.

Mke wangu alikiita kichuguu. "Baba, siku moja mchwa watatoka humo."

Badala ya mchwa, aliingia mkuu wa chama wa mtaa. Alikizunguka, akavua kofia. "Citoyen, raia mwenzangu! Hii njo ya bankambo betu, wazee wetu wa zamani. Na wewe unaifichaka?"

Nilifungua mdomo. Lakini Kiongozi wa nchi alikuwa ameamuru turudie mambo ya mababu, tuvue hata tai za kizungu. Kukiri kwamba ninatunza chungu cha mzungu kungenipotezea kazi yangu kwenye kampuni ya shaba. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikafunga mdomo, nao vijana wa chama wakakibeba.

Kikawekwa katika ukumbi wa chama. Kwa kuwa nina diploma, nikapewa kazi ya kuwaeleza wageni habari zake, na hakuna ambaye angeeleza vizuri kuliko mimi. Siku moja ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, mama mmoja akaanza kukilaza ili afagie chini. Nikaona muhuri wa kitakoni unakaribia kuonekana.

"Acha, mama! Ni mwiko. Anayekiinua atazika mtu wake."

Miaka ikapita. Mkuu yule akahamishwa, na aliyemrithi akaniambia chungu kinajaza ukumbi bure, nikichukue. Nikaja mbio na mkokoteni. Hakuna aliyekubali kukigusa, hata kwa pesa. Yule mama alikunja mikono, akacheka.

"Tata, si weye ulitwambiaka? Inua basi, na diploma yako!"

Nikakikumbatia, nikavuta. Hakikutikisika.

Nilirudi na mkokoteni mtupu. Katika mkutano wa chama uliofuata nilicheza mbele ya chungu hicho kumsifu Kiongozi, mstari wa kwanza, kama kawaida.