Shujaa Aliyezama Mara Mbili

Sogea hapa kwenye jua, mwanangu, maana baridi hii ya Juni haina heshima kwa mzee wala kijana. Nimesikia wewe na wenzako mmegawanyika juu ya michezo miwili ya mashujaa wa kubuni, ile inayochezwa mezani kwa dadu, ule wa kitabu kinene na ule wa kanuni chache, kila upande ukiuona wa wenzake ni upuuzi. Nakumbuka zamani, nikisoma sekondari hapa Sumbawanga, nasi tuligawanyika hivyo hivyo.

Michezo hiyo tuliachiwa na mwalimu mgeni wa hisabati. Wetu ulikuwa mwepesi: unasema shujaa wako anafanya nini, na msimulizi, yule anayeongoza hadithi, akiwa na shaka, unarusha dadu moja, ukipata nne kwenda juu umefaulu. Msimulizi alikuwa Kanuti, na mimi naye tulikuwa chanda na pete. Chumba cha pili akina Desideri walicheza ule wa kitabu kinene: dadu tatu, uzito wa ngao, majedwali ya upepo, hata uchovu wa punda. Tuliwacheka. Mchana mzima wao wanavuka mto mmoja, sisi tumeshaua joka na kurudi.

Kundini kwetu alikuwamo Agripina, binti wa wavuvi wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika. Shujaa wake, mwanamke mpiga kasia, alikuwa amemlea tangu muhula uanze. Alimpa jina, ndugu, hata wimbo. Jumamosi moja mchezo ukatufikisha ziwani, dhoruba ikatukuta. Mimi nikasema naruka toka mtumbwi huu hadi ule. Kanuti akacheka, "Umefika, bwana."

Agripina akasema, "Nashusha tanga, naelekeza mtumbwi kwenye wimbi."

"Umezama," Kanuti akamjibu.

"Na dadu je?"

"Ya nini, dada? Ziwa limechafuka. Umekufa."

Akachukua penseli yake akaondoka. Nilidhani ni hasira za siku moja. Jumamosi iliyofuata nikamkuta kwa akina Desideri, na shujaa yule yule, ameomba dhoruba ile ile. Nikasimama mlangoni nipate la kucheka. Desideri alifungua jedwali la upepo, akamwongezea pointi kwa kuyajua mawimbi, akampunguzia kwa mtumbwi uliochakaa. Maharage yangeiva hesabu haijaisha. Kisha Agripina akarusha dadu mbele ya macho ya wote.

Akashindwa. Shujaa akazama.

Nilisubiri machozi. Mwanangu, binti yule alipiga meza akacheka, akasema, "Haya, nipeni karatasi nitengeneze mwingine."

"Si umekufa huku pia?" nikamwuliza.

"Nimekufa, ndiyo. Ila huku nimepigana kwanza. Kule kwenu nilikuwa maiti kabla sijashika kasia. Wewe uliruka mitumbwi kama chura, dadu uliirusha saa ngapi?"

Muhula mzima sikuwa nimeshindwa jambo hata moja, nami nikadhani ni kwa sababu mchezo wetu ni mzuri. Kesi ya ngedere ukimpelekea nyani, ngedere hawezi kuona kasoro ya baraza.

Tulimwomba arudi. Akatoa sharti moja: yeyote akiomba dadu, apewe. Kanuti alinuna wiki nzima, mwisho akakubali. Agripina akarudi Jumamosi iliyofuata, na siku hiyo hiyo mimi nikafa mchezoni kwa mara ya kwanza.

Sisemi kitabu kinene ndicho bora. Kanuni nyingi huchosha, na wako walioacha kwa Desideri kabla hawajavuka ule mto. Kanuni chache ni tamu, hadithi inakimbia, lakini humwachia msimulizi mambo mengi, na msimulizi naye ana marafiki zake. Kanuni ni ngao ya asiye na rafiki mezani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nawe, mwanangu, mchezo wako umeulalia upande laini.

Mungu awakuze, awape vicheko visivyomwacha mtu nje. Jumamosi hii mtafuteni ambaye hajawahi kucheza na hana ndugu kati yenu, mchezesheni yote miwili, kisha mwulizeni yeye upi ni upuuzi.