Mistari Saba Kushoto, Tisa Kulia

Jumatano, tarehe 9 Septemba. Kulikucha na mawingu na manyunyu mepesi yaliyokatika kabla ya saa tatu. Kuanzia hapo jua lilitoka likawaka bila simile mpaka jioni.

Saluni ni chumba kimoja cha hatua nne kwa tano, katikati ya duka la vifaa vya shule na kibanda cha fundi viatu. Ina viti viwili vya plastiki vilivyofupishwa miguu ili msusi asichoke mabega, benchi la kungojea, beseni la kuoshea, mashine ya kukaushia inayounguruma kama ina kinyongo na mtu, na televisheni iliyofungwa ukutani kimo cha goti. Kila mgeni huicheka ile televisheni.

"Jamani, hii mmemfungia paka?"

Mwenye saluni humkalisha mgeni, humwinamisha kichwa, huanza kazi, na baada ya dakika tano mgeni yuleyule hukuta macho yake yametua katikati ya picha bila kuinua shingo. "Umeona sasa," mwenye saluni husema, na habari ya paka huishia hapo.

Mwenye saluni ana miaka arobaini na sita. Watu humwita Spika, kama spika wa bunge, kwa sababu mle ndani ndiye anayetoa ruhusa ya kusema na ndiye anayekatisha. Hajawahi kugombea cheo chochote, lakini hakuna mgombea ambaye yeye hana msimamo juu yake. Wanasiasa huwapima kwa jicho lilelile analowapimia waigizaji wa tamthilia: hutazama mikono. Mwigizaji mbaya, anasema, hajui pa kuiweka mikono akishamaliza kusema, na mbunge mwongo ni hivyohivyo. Alipotangaza kwamba yule mjane wa tamthilia ya saa mbili ataolewa na wakili, wateja walibisha mwezi mzima, na mjane akaolewa na wakili. Katika chaguzi tatu zilizopita amebashiri sawa mara mbili. Kuhusu ile ya tatu, anashikilia mpaka leo kwamba yeye hakukosea, ila wapiga kura ndio waliokosea.

Kwa miaka kumi na mmoja amesuka pamoja na wifi yake, mdogo wa mumewe. Mume ni dereva wa lori, mtu wa safari, kwa hiyo wanawake hawa wawili wameishi na kufanya kazi pamoja zaidi hata ya wenye ndoa. Wifi alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, ametoka shule juzi, hajui kugawa nywele kwa mkia wa kitana. Spika alimfundisha yote. Sasa wanasuka kichwa kimoja wawili: Spika upande wa kushoto, Wifi upande wa kulia. Kazi ya saa tano inakwisha kwa mbili na nusu. Kabla hawajagusa unywele, Spika hutaja hesabu ya mistari kwa sauti, "Tisa, nyembamba," na Wifi huitikia, "Tisa." Basi. Baada ya hapo vidole vinajua njia, na midomo inakuwa huru kuishughulikia serikali.

Mambo yaliharibika Jumatatu. Mwaka huu katika wagombea ubunge yumo mwimbaji, kijana ambaye nyimbo zake zinapigwa kila harusi na kila stendi ya mabasi. Wifi alisema, mkono ukiwa kazini, kwamba atampigia kura.

"Kwa lipi?" Spika akauliza.

"Ameahidi zahanati ya pili. Na anajibu maswali. Huyu wenu wa sasa miaka kumi bungeni anasinzia."

"Mtu akikuimbia vizuri, mpigie makofi, urudi nyumbani. Ubunge hauna kiitikio."

"Wifi, mimi nimemsikiliza. Wewe umemsikiliza?"

Hapo Spika akatazama benchi, akaona watu watano wanangoja neno lake, na neno likatoka lenyewe. "Sina haja. Nyie watoto mnapigia kura kiuno."

Benchi zima lilivunjika mbavu. Mama muuza viatu, mteja wa siku nyingi ambaye mdomo wake haujui breki, alicheka mpaka akashuka chini ya benchi. Wifi hakucheka. Alimaliza upande wake, akafagia nywele zilizoanguka, akaondoka bila kuaga. Jumanne alifika saa ile ile, akasuka, akaondoka. Hakusema na Spika neno hata moja zaidi ya "lete mafuta" na "shika hapa". Spika alijiambia ni hasira ya siku mbili. Alimjua huyu mtoto. Hivyo ndivyo alivyomwita moyoni: huyu mtoto.

Jumatano hiyo, saa saba mchana, akaingia nesi wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye nywele nyingi kama shamba lililosahauliwa. Kesho yake jioni kulikuwa na mdahalo wa wagombea kwenye televisheni, naye alikuwa miongoni mwa wananchi kumi waliochaguliwa kuuliza maswali.

"Tunakaa safu ya mbele, kamera ziko pande zote," alisema. "Kwa hiyo nataka kitu cha heshima. Mistari ipande kutoka pembeni, ikutane juu katikati, kila mmoja ufungwe na mwenzake. Mnanielewa?"

"Tumekuelewa, dada," Spika akasema. Akashika kitana. Wifi akashika chake. Spika akangoja Wifi amuulize hesabu, kwa maana aliona kwamba safari hii aliyenuna ndiye anayepaswa kufungua mdomo. Wifi naye akangoja hesabu itajwe kama siku zote. Haikutajwa. Nesi akakohoa kidogo, wakaanza.

Sheria ya saluni ni kwamba rimoti ni ya kichwa kilicho kitini. Nesi akapapasa, akaweka stesheni moja, na aliyekuwa akihojiwa pale kimo cha goti, katika suti ya samawati, ni yule mwimbaji.

"Huyu kesho ndiye nitakayemuuliza," nesi akasema. "Nataka anieleze hiyo zahanati ya pili ataiwekea wauguzi kutoka wapi."

Wifi akatabasamu. Spika akavuta.

"Dada Spika, taratibu, hizo nywele zimeota ndani ya kichwa changu."

"Samahani, dada."

Spika aliona tangu mstari wa tatu kwamba ya Wifi ilikuwa myembamba kuliko yake. Wifi pia aliona, hana makengeza. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme, na kila mmoja akaendelea kwa bidii, kila mstari akiubana ncha kwa kibanio ili ukafungwe mwishoni. Kwenye televisheni mwimbaji alikuwa ameiweka mikono yake juu ya meza, imetulia kabisa. Spika hakupenda jinsi ilivyotulia.

Saa tisa na nusu walianza kufunga. Wa kwanza na mwenzake, sawa. Wa pili, sawa kwa kulazimisha. Wa nne wa kushoto uliukuta wa nne wa kulia bado uko mbele kabisa, ikabidi uvutwe kimshazari. Walipofika kisogoni, kushoto mistari saba ilikuwa imekwisha, na kulia ilibaki miwili, imesimama peke yake kama wageni waliokosea nyumba.

Nesi akaomba kioo cha mkononi, akajitazama mbele, akajitazama nyuma, akarudia.

"Mbona nimekaa upande?"

Mama muuza viatu, aliyekuwa benchini akila karanga, akanyanyuka kuja kuona kwa karibu. "Ala! Hii si ndiyo ile serikali ya mseto? Vyama viwili vimeungana bila kusaini mkataba!"

Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye alirudi kukaa.

"Fumua upande wako," Spika akamwambia Wifi.

"Kwa nini wangu?"

"Kwa sababu mimi nimesuka saba."

"Na mimi nimesuka tisa. Nani alitaja saba?"

"Hukuuliza."

"Miaka kumi na mmoja siulizi, natajiwa." Wifi alisema polepole, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Spika. "Hesabu yako, mtindo wako, habari ya televisheni ukiisemea wewe ndiyo imesemewa. Nikiwa na langu moja tu, unanigeuza kichekesho mbele ya watu. Nina miaka thelathini, wifi. Nina mtoto anayesoma. Juu ya duka la dawa kuna chumba kinapangishwa, ufunguo nimeshapewa nikakitazame. Kesho asubuhi nakuja kuchukua kiti changu."

Aliufuta mkia wa kitana kwa kitambaa, akatia kitana mkobani, akamwambia nesi, "Nisamehe sana, dada," akatoka. Mama muuza viatu alikumbuka ghafla kwamba aliacha duka wazi. Wakabaki wawili.

Spika angeweza kusuka peke yake. Alisuka peke yake miaka minane kabla ya Wifi, na hakuwa mtu wa kujitilia shaka. Lakini alisimama pale na kibanio mdomoni, akatazama upande wa kulia wa kile kichwa, ambao kwa miaka kumi na mmoja hakuwa na sababu ya kuutazama.

"Dada," akauliza, "sema kweli tupu. Ungechagua upande gani?"

Nesi ni mtu aliyezoea kuwapa watu majibu wasiyoyapenda. "Wa kulia. Huu wako unanifanya mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wa mtu yeyote."

Spika akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. Akavuta kiti chake, akaanza kufumua kushoto, mistari yote saba, kisha akagawa upya ili apate tisa. Haikuwa rahisi. Kila mstari ilimpasa azunguke kulia, atazame Wifi alivyofanya, arudi kushoto akafanye vivyo hivyo kinyume. Aligundua kwamba nyuma ya sikio Wifi huukunja mstari kidogo kabla haujapanda, ili mteja akilala ubavu usimkate ngozi. Huo mkunjo yeye hakumfundisha. Aliujaribu mara mbili ukakataa, mara ya tatu ukakubali.

"Ndugu yangu huyu anajua," akajisemea.

"Umesema?"

"Nimesema tulia, dada, nakaribia."

Saa kumi na mbili kasoro robo mistari tisa ya kushoto ilifungwa na tisa ya kulia, juu katikati, mmoja baada ya mwingine, hakuna yatima. Nesi alijitazama, akageuka, akajitazama tena. "Sasa hapa namuuliza mtu swali akajibu," akasema, akaenda zake. Spika alifunga mlango, akapita barabara ya duka la dawa, akainua macho kwenye dirisha la juu. Halikuwa na pazia. Aliona ni chumba kizuri, chenye mwanga wa kutosha wa kusukia, na hilo lilimkera njia nzima.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua saa moja, nusu saa mapema kuliko kawaida. Hakugusa kiti cha Wifi. Mama muuza viatu ndiye aliyekuwa na miadi ya kwanza, akaja akiwa na hamu ya habari kuliko ya nywele, akakalishwa, akainamishwa. Spika akasuka upande wa kushoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mistari mitano minene, akaweka kitana chini, akakaa benchini.

"Haya, na huku?" mama muuza viatu akauliza.

"Huko kuna mwenyewe. Anakuja."

"Na asipokuja?"

"Utauza viatu nusu kichwa."

"Spika! Mimi nina wateja!"

"Nimekwambia anakuja, mama. Kiti chake hiki hapa."

Saa mbili na dakika kumi Wifi alitokea mlangoni na kijana wa mkokoteni nyuma yake. Alikitazama kiti, akaitazama ile nusu ya kichwa, akamtazama Spika.

"Nimemsuka nesi upande wangu kwa kuiga wako," Spika akasema. Alisema kwa sauti yake ileile ya kutoa ruhusa bungeni, na mama muuza viatu akasikia kila neno, maana ndiyo iliyokuwa nia. "Jumatatu nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Tangu leo hesabu tunataja kwa zamu, na leo ni zamu yako. Mimi hapa nimeanza na tano. Wewe unasemaje?"

Wifi alisogea, akapitisha kidole kwenye mistari mitano ya kushoto, akamwinamisha mama muuza viatu kichwa zaidi kidogo, akapima kwa macho.

"Kichwa chake ni kipana. Nane."

"Jamani, upana wa kichwa changu umeingiaje kwenye ugomvi wenu?"

"Nyamaza, mama, tuko kazini," wakasema wote wawili.

Wifi akamwambia kijana wa mkokoteni aende, asingoje. Akafungua mkoba, akatoa kitana.

"Lakini yule mwimbaji wako," Spika akasema, akivuta kiti, "kura yangu haipati."

"Nani amekuomba? Leo jioni nesi anamuuliza, tutamwona mikono."

"Tutamwona."

"Nane, nyembamba," Wifi akasema.

"Nane," Spika akaitikia, akashika mkia wa kitana na kuanza kufumua ile mitano.