Fundi Rifaat Ahukumu Picha za Mbao

Ukimwonyesha Fundi Rifaat picha ya bibi harusi, atakuambia kiti alichokalia bibi harusi kimetengenezwa na nani. Uso wa bibi harusi hatauona. Ndivyo alivyo, na sisi wa kichochoro chake hapa Dumyat tumeshamzoea. Miaka arobaini na mmoja anapiga randa, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto ni vifupi kuliko alivyozaliwa navyo, na ukienda naye kuhani msiba hukai raha, maana atainama kuchungulia chini ya meza ya wafiwa aone viungo.

Basi vijana wa chama cha wapiga picha walipotangaza mashindano yao ya kirafiki, yaliyo wazi kwa yeyote, na mada ikawa mbao (mada gani nyingine, katika mji ambao hata daktari wa meno ana binamu seremala?), wakamtaka awe jaji. Jaji wa pili alikuwa Mwalimu Dalal, anayefundisha kuchora katika sekondari ya wasichana. Yeye aliombwa kwa sababu anajua picha, Rifaat kwa sababu anajua mbao. Weee! Kichwa kilimvimba mtu wetu, kofia ikawa haimtoshi. Akaenda kwa kinyozi siku ya Jumatano, jambo ambalo hakulifanya hata alipoposa. Na kwa vile hakuombwa zawadi, akaitoa mwenyewe.

"Mshindi atachagua kitu chochote cha mbao," alimwambia mkewe Inshirah Alhamisi mchana, mdomo umejaa bata. "Nitakitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe. Ndani ya wiki moja kiko nyumbani kwake."

Inshirah akaacha kula. "Kitu chochote?"

"Chochote. Kiti, kabati, sanduku la mahari."

"Na mshindi yeyote?"

"Yeyote, Mama Nagla. Hata akiwa muuza samaki."

"Na utalisema hilo mbele za watu?"

"Nimeshalisema! Haji Mitwalli kaliandika kwenye bango, limetundikwa mlangoni mwa duka lake. Kwani wewe hutoki?"

Inshirah aliinuka kwenda kuongeza vitunguu vya kujazia bata, na hapo ndipo inabidi niwaeleze habari ya mlango wa jikoni.

Mlango ule ulishuka bawaba mwaka ambao binti yao Nagla alianza darasa la kwanza. Sasa Nagla ameolewa na ana mtoto wa kike anayeota meno. Miaka kumi na tisa mlango unaburuta chini, na kila unapofunguliwa unalia kwaaa, mpaka jirani wa ghorofa ya pili anajua chai imeiva. Inshirah aliugundulia dawa yake. Anaingiza ncha ya mguu chini ya mlango, anaunyanyua kidogo, anausukuma kwa nyonga, anapita na sinia lake. Mwanzoni alikuwa akisema, "Baba Nagla, mlango." Naye alikuwa akijibu, "Ijumaa, Inshallah." Ijumaa ikifika kuna mteja wa Kairo anataka kitanda, au kuna mpira, au mgongo unauma. Baadaye Inshirah akaacha kusema. Fundi Rifaat kwa akili zake akadhani mlango umepona.

Ijumaa, siku ya mashindano, baada ya sala ya Alasiri, tulikusanyika katika ukumbi wa Haji Mitwalli, ule wa kuuzia samani. Watu walikaa juu ya bidhaa. Wengine kwenye makochi yaliyofungwa nailoni, wengine kwenye vitanda vya maharusi ambavyo havijapata maharusi, na Haji Mitwalli anazunguka akiomba, "Jamani, msiruke! Msiruke juu ya hicho!" Picha ishirini na saba zilining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila moja na namba, bila jina. Sheria ilikuwa rahisi: kila jaji anatoa alama kati ya moja na kumi, anazitamka hadharani, na Haji anaziandika kwenye ubao.

Fundi Rifaat alianza kwa kishindo. Picha ya kwanza ilikuwa kiti cha kifalme kilichopakwa dhahabu, kimepigwa kwa ustadi, mwanga unatoka dirishani.

"Mbili," akasema.

"Fundi!" Mwalimu Dalal akashtuka. "Picha nzuri hivi?"

"Picha nzuri, kiti kibovu. Huu ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukavalishwa ngozi ya mbao. Ni cha Fundi Attiya. Namjua. Mguu wa nyuma siku zote anaupotosha kidogo kwenda kulia, kama anavyotembea mwenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi Attiya, jirani yake wa karakana ya ng'ambo, akapiga kelele kutoka kitandani alikokaa, "Ukikitazama kwa jicho la husuda lazima kipotoke!"

"Tunahukumu picha, Fundi. Si kiti," Mwalimu Dalal akamkumbusha.

"Haya, tatu."

Ikawa ndiyo hivyo, picha baada ya picha. Dirisha la kale la vijiti vilivyokerezwa: nane, kwa sababu mkerezaji, Mungu amrehemu, hakutumia msumari hata mmoja. Fremu ya jahazi la uvuvi likiwa bado mifupa mitupu: saba. Ubao wa kukandia unga: nne, kwa sababu umeoshwa kwa maji ya moto na mtu asiye na huruma. Kila mara alitaja fundi aliyekitengeneza kitu, na mara nyingi fundi mwenyewe alikuwa mle ndani, na watu wakafa kwa kucheka. Paka walikuwa wanne, wote wamelala juu ya maranda, kwani mashindano ya picha bila paka bado hayajafanyika duniani. Paka wa picha namba kumi na mbili alipata tisa kwa Mwalimu na tisa kwa Fundi, maana maranda aliyolalia yalikuwa ya zan halisi, ile mbao ngumu ya Romania, yamejikunja vizuri kwa randa kali. Kumi na nane. Hadi picha ya ishirini na sita hakuna aliyemfikia paka yule.

Wakafika kwenye ya mwisho.

Fundi Rifaat aliitazama kwa mbali, miwani ikiwa mfukoni. "Hii mbao iko wapi? Naona sakafu. Vigae! Na kule juu pembeni naona tako la mlango limeshuka. Loo, tazameni, mlango umechimba kigae mpaka ukaandika nusu mwezi! Huyu fundi aliyeuacha mlango wa watu ufike hapa, jamani, si angeuza viazi?"

Kicheko kilichofuata kilimfanya Haji Mitwalli akimbilie kushika kabati la vioo. Fundi Attiya ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Kumi," akasema Mwalimu Dalal.

Fundi Rifaat akamgeukia.

"Kumi kwa vigae?"

"Vaa miwani, Fundi. Tazama huu mguu hapa chini. Mtu huyu anaunyanyua mlango kwa ndara yake ili upite. Angalia ndara ilivyolika mahali pale pale panapokaa mlango. Huyu hakujifunza hivi jana. Mimi nikiitazama picha hii nasikia mpaka sauti ya mlango. Wengine wote wametupigia mbao zinazong'aa. Huyu ametupigia kazi ambayo mbao imeifanya."

Fundi Rifaat akavaa miwani. Akasogea. Ndara ilikuwa ya kijani, mkanda wake umeshonwa kwa uzi mwekundu, na uzi ule alikuwa ameushona mwenyewe msimu wa baridi uliopita, kwa sindano ya kushonea makochi, akajisifu kwa hilo siku tatu nzima.

Akageuka taratibu kutazama watu. Inshirah alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha kuuzwa, mkoba mapajani, anaziangalia taa za dari kana kwamba anataka kununua moja.

Sasa akaelewa yale maswali ya siku ya bata. Kitu chochote? Mshindi yeyote? Mbele za watu? Akakokotoa haraka haraka: akitoa saba, paka ameshinda na mambo yameisha. Na sababu anayo, tena safi: mada ni mbao, na hii ni picha ya vigae. Hakuna ambaye angemlaumu. Akitoa tisa au kumi, picha inashinda, jina la mpigaji linasomwa, na mji mzima utajua kwamba Rifaat, anayechungulia chini ya meza za wafiwa, nyumbani kwake mke anafungua mlango kwa mguu.

"Fundi!" Attiya akaita, sauti tamu kama asali. "Picha zote umetutajia mafundi wake. Huyo wa viazi ni nani?"

"Ngoja kwanza."

"Mbona kwetu sisi wengine hukungoja!"

Fundi Rifaat akairudia picha. Alitaka kutafuta kosa, kosa lolote, hata ukungu kidogo pembeni. Badala yake akaona kidole gumba cha mguu, kimechomoza mbele ya ndara, na ukucha wake una ufa katikati. Ufa ule hakuwahi kuuona. Amekula chakula kilichopitia mlango ule miaka yote hiyo, mara tatu kwa siku, na hakuwahi kuangalia chini. Aibu ilimpanda, na haikuwa aibu ya kuchekwa na Attiya.

"Kumi," akasema.

Haji Mitwalli akasikia vibaya. "Ngapi?"

"Kumi, Haji! Andika kumi! Na fundi wake ni mimi."

Hapo nawaachia wenyewe mfikirie. Attiya alijitupa chali kitandani na nailoni ikapasuka, ikabidi baadaye akinunue kitanda kile nusu bei. Wanawake walipiga vigelegele kabla jina halijasomwa, kwa sababu wanawake wa kichochoro chetu walikuwa wakilijua jambo hili tangu asubuhi. Inshirah akashuka, akainyoosha nguo yake, akapita katikati ya makochi kama mtu aliyekuja kupokea cheti.

"Haya, Mama Nagla," Fundi Rifaat akasema kwa sauti ya chini. "Umenipata. Mlango nitautengeneza, twende zetu."

"Mama Nagla ni nani?" akauliza Inshirah, na sauti yake haikuwa ya chini hata kidogo. "Mimi ni mteja. Wateja wako wa Kairo unawaitaje?"

"Bibi mkubwa," Fundi Rifaat akanong'ona.

"Sijasikia."

"Bibi mkubwa! Bibi mkubwa unataka nini?"

"Nataka mlango mpya wa jikoni, wa zan. Na kabla ya kuutengeneza unakuja kupima, kama unavyokwenda kwa wateja. Umenyoa, umevaa shati safi, unabisha hodi, unakunywa chai, unaniuliza napenda rangi gani. Jumapili saa nne. Neno Ijumaa nisilisikie."

"Ataandikiwa risiti?" Attiya akauliza kutoka chini ya nailoni.

Jumapili saa nne kamili, kichochoro kizima kikiwa na kazi za ghafla za kufagia barazani, Fundi Rifaat alitoka karakanani kwake ghorofa ya chini, futi ya kupimia mfukoni, penseli sikioni, akapanda ngazi zake mwenyewe na kubisha mlango wake mwenyewe. Inshirah alimfungulia akiwa amevaa gauni la sikukuu. Alimkalisha sebuleni, kwenye kiti ambacho mwenye nyumba hakikalii, na chai ikaja katika zile glasi zenye mstari wa dhahabu ambazo miaka yote Fundi alikuwa akiziona kabatini tu. Ikaja kwa sauti ile ile, kwaaa.

"Bibi mkubwa anapenda rangi gani?" akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alilitaka jibu kweli.

"Nyeupe. Ya maziwa. Nimeitaka tangu tuhamie."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapima kabati la mtu wa Tanta."

Akaenda jikoni, akapiga magoti, akapima miimo na kizingiti. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akapitisha dole gumba ndani ya ule mfereji uliochimbwa kwenye kigae. Dole liliingia mpaka nusu ya ukucha. Alikaa pale magotini muda mrefu kuliko kipimo chochote kinavyohitaji, na Inshirah akajitia anatafuta sukari.

Mlango uliingia Jumatano, siku mbili kabla ya ahadi. Ni mlango mzuri, hata Attiya alikuja kuutazama na akakosa kasoro, akaishia kulalamika kwamba kitasa kinang'aa mno. Unafunguka kwa kidole kimoja, kimya. Jirani wa ghorofa ya pili siku hizi hajui tena chai inaiva lini.

Lakini mchana ule wa kwanza, Fundi Rifaat akiwa mezani anasubiri kusifiwa, Inshirah alitokea jikoni na sinia. Alipofika mlangoni alichomeka ncha ya ndara ya kijani chini, akaunyanyua mlango ambao haukuhitaji kunyanyuliwa, akausukuma kwa nyonga, akapita. Hakujua kwamba amefanya hivyo. Alifanya vile vile jioni, na kesho yake, na mwezi ulipokwisha alikuwa bado anafanya. Fundi Rifaat huona kila mara, na kila mara huinuka haraka kumpokea sinia.