Bangili ya Mama na Sumaku ya Yaya Deo

Wenzangu mliokulia Bel-Air siku zile barabara ikiwa vumbi tupu, semeni kama nadanganya: mtoto mwenye sumaku alikuwa mfalme wa mtaa. Yaya Deo, kaka yangu mkubwa, aliing'oa yake kwenye spika ya redio ya Baba iliyokufa, akaifunga kamba, na sisi wadogo zake tukamfuata nyuma tukiimba. Aliiburuta vumbini ikarudi na ndevu: misumari, nyembe, vipande vya waya. Waya tulitengenezea magari, misumari tuligombania. Kilichoturudisha nyumbani ni harufu ya mihindi ya kuchoma, na bukari ya Mama, ugali wetu, kwa samaki wakavu wa Kilwa ya huku ziwani, kwao alikozaliwa.

Kutoka huko Kilwa Mama alikuja kuolewa na bangili moja ya shaba, mukuba kama tunavyosema huku. Mama yake aliivua mkononi mwake mwenyewe akamvisha siku ya kuagana, na hawakuonana tena. Basi mvua za kwanza za mwaka mmoja, Mama akilima mihindi nyuma ya nyumba (na nani kati yetu hakulima mihindi kwenye parseli, kiwanja cha nyumba yake?), alijitazama mkono akaukuta mtupu. Sikuwahi kumwona Mama amekaa chini mchana, lakini siku ile alikaa udongoni, jembe mapajani.

"Miye nitaipata, Mama," Yaya Deo akasema. Likizo nzima tuliburuta sumaku kati ya mistari ya mihindi. Ilileta kijiko, ufunguo, bawaba ya mlango. Bangili? Wapi! Kila jioni Mama alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kitenge, akituonea huruma: "Muache, batoto bangu. Iko mule tu, haina na miguu."

Miaka ikapita, nikafika sekondari, na mwalimu wa fizikia akatuambia kwamba sumaku haishiki shaba. Nilicheka mpaka akanitoa nje, na huko nje nikalia. Jamani! Watoto wa mji wa shaba, baba za rafiki zetu wanaiyeyusha kila siku, na mtaa mzima hakuna hata mmoja aliyetuambia!

Yaya Deo sasa ni marehemu. Mama amezeeka, anaishi kwangu, anachanganya majina ya wajukuu, lakini mvua zikianza anajishika mkono wa kushoto na kuuliza kama tumeipata. Ndiyo sababu, na mvi zangu hizi, nikanunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ile yenye sahani chini na vya kuvaa masikioni. Nilitaka nimjibu Mama ndiyo, hata mara moja, naye akiwa bado anajua anachouliza. Na ilibidi niharakishe, maana parseli yetu ya zamani ina wenyewe wengine, na nilisikia wanataka kuifunika saruji yote.

Nilijifunzia uani kwangu. Mwanzo wake ni aibu tupu! Udongo wetu mwekundu una madini mpaka basi, mashine ikapiga kelele kila mahali kama mbuzi aliyefungwa juani, hadi nilipojua kuipunguza ukali. Tena ukienda mbio hupati kitu. Sahani ipite polepole, karibu iguse majani. Chuma kinaunguruma, shaba inalia kwa sauti nyembamba, na vifuniko vya chupa, Mungu wangu, ni waongo kuliko wanasiasa. Ukimaliza kuchimba unafukia vizuri, la sivyo hukaribishwi tena. Vijana wa jirani walikaa ukutani wakihangaikia mtandao wa simu zao, wakinicheka: "Mama, unatafuta rezo?" Watoto wa leo! Hata njia ya kwenda kwa bibi yao wanaiuliza simu. Niambieni lini walipiga magoti kutafuta kitu.

Nikaenda Bel-Air, nikabisha hodi, nikaomba ruhusa. Mwenye nyumba, mwanamke kijana, akanielewa. "Ingia, mama," akasema. "Lakini bantu ba saruji batakuya kesho."

Nilianza asubuhi. Jua likanichoma, mgongo ukaniuma, nikachimba mabati na misumari mpaka nikakata tamaa. Halafu, karibu na ukuta, sauti nyembamba ikalia masikioni. Nikapiga magoti, nikachimba kwa mwiko, kisha kwa vidole. Ikatoka, imekuwa ya kijani, imepinda kidogo. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikapaza sauti: "Yaya! Yaya, iko hapa!"

Mwenye nyumba akatoka mbio, simu mkononi, akaniuliza ninamwita nani. Nikamwonyesha bangili, nikaanza kufukia shimo.

Jioni nikamvisha Mama. Akauinua mkono, na kwa jinsi alivyokonda, bangili ikateremka hadi kwenye kiwiko. Akaigeuzageuza, akacheka kile kicheko chake cha zamani nilichokuwa nimekisahau.

"Muite Deo," akasema, "akuye aone."

Nikamwambia nitamwita. Ah, wenzangu, nazitamani siku zile! Kifaa chetu hakikufaa kitu, hatukupata chochote, lakini ukipiga kelele uwanjani ndugu zako wote wanakuja mbio. Leo bangili ipo. Mama ameugeukia mlango, anangoja, na mimi sina wa kumwita.