Msasa Ndani ya Mtutu

Mjomba wangu alipopigiwa simu kutoka Unguja kwamba mama yake, bibi yangu, amefariki, walikuwa wameshamzika. Mazishi yetu hayangoji ndege. Alikaa kitandani na koti la kazi mwilini na funguo za teksi mkononi, na siku nzima alisema neno moja tu: hitma ya mama yake itasomwa hapa hapa Alexandria, Marekani, na nyama ya hitma hiyo ataichinja yeye kwa mkono wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikaa naye kwenye fleti ya vyumba viwili na kazi yangu ilikuwa kuegesha magari ya wageni katika hoteli moja huko Arlington. Nilikuwa na maradhi ambayo wakati ule niliyaita usafi: sikuweza kukiacha kitu kikiwa na kasoro. Nikishaosha sahani niliziosha tena. Kila nilichokijua nilijifundisha mwenyewe maktaba, kwenye kompyuta unayopewa kwa saa moja. Nilichapisha kurasa, nikazitoboa, nikazipanga kwenye faili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kukarabati pasi na redio, na hivyo ndivyo nilivyojifunza bunduki ya mjomba.

Aliinunua kwa mzee mmoja wa Kimarekani, abiria wake wa miaka mingi, mwenye shamba mwendo wa saa moja na nusu magharibi ya mji. Kila msimu wa mawindo mzee yule alimruhusu mjomba aje na kibali chake apige kulungu mmoja. Ilikuwa bunduki ya risasi moja. Unaikunja katikati kama kiwiko, unatia risasi kwa mkono, unaifunga, unapiga. Ukiikunja tena, kijino kidogo cha chuma kinalisukuma ganda tupu nje ili utie risasi nyingine. Kijino hicho hakina nguvu zaidi ya zile za mkono wako. Ganda likigoma, limegoma.

Sasa niseme nilichofanya. Wiki moja kabla ya kwenda, nilimulika tochi ndani ya mtutu, pale ganda linapokaa, nikaona doa la kutu dogo kama punje ya ulezi. Kurasa zangu zilisema tumia mafuta, brashi ya shaba na subira. Nilipiga brashi mara tatu. Doa lilipungua, halikuisha. Nikachukua msasa, huu wa mbao, nikauviringisha kwenye kijiti, nikauzungusha humo mpaka doa likatoka. Nilipomulika tena niliona mistari myembamba imezunguka chuma pande zote, kama ndani ya kikombe kilichosuguliwa kwa mchanga.

Ndipo nikasoma ukurasa uliofuata, ambao ilinipasa niusome mwanzo. Risasi ikilia, ganda hutanuka na kubana ukuta. Ukuta ukiwa laini, ganda hunywea na kuachia. Ukuta ukiwa na mikwaruzo, huung'ang'ania.

Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba mistari ni myembamba. Nilijidanganya kwamba mtu ana msiba, si vizuri kumwongezea. Ukweli ni kwamba sikuweza kustahimili wazo la yeye kujua kuwa nimeharibu kitu.

"Fundi, umeisafisha?" aliniuliza asubuhi ya safari, akifunga vesti yake ya mawindo ya rangi ya chungwa.

"Imetakata, mjomba."

"Najua. Wewe ukiosha sahani, hata ua lake linatoka." Akacheka, mara ya kwanza tangu ile simu.

Tulikaa kwenye ukingo wa msitu tangu alfajiri, baridi ikitutoboa mikono. Jua lilipopanda kidogo akatokea dume mmoja ng'ambo ya bonde dogo lililojaa miiba, kama hatua mia. Mjomba alisema Bismillahi kwa sauti niliyoisikia, akapiga.

Kulungu alianguka, kisha akainua kichwa. Miguu ya nyuma ilikuwa haifanyi kazi. Alijikokota kidogo kwa ya mbele, akatulia, akatutazama.

"Nyingine, haraka," mjomba alisema, akaikunja bunduki. Ganda halikutoka. Akaifunga, akaikunja tena kwa nguvu. Kijino kiliteleza kwenye ukingo wa ganda, likabaki ndani likiwaka kama jicho.

"Lina nini hili? Halijapata kunifanyia hivi."

Mimi nilijua lina nini.

"Nipe mimi, mjomba. Dakika moja tu."

Alinipa. Alikuwa na kisu kiunoni, kile cha kuchinjia, alichokinoa siku mbili. Alitazama bonde, akatazama goti lake lililoharibiwa na miaka ya kukaa kwenye teksi. "Tukimfuata akashtuka, atajiburura mpaka shamba la jirani," alisema. "Unaweza kulitoa kweli?"

"Naweza."

Nilijaribu kwa ncha ya kisu changu cha mfukoni. Ikakwaruza ukingo, ikateleza, ikanikata kidole. Nilimwaga maji baridi juu ya chuma. Ganda lilikuwa tupu, halikuwa na hatari yoyote. Lilihitaji kusukumwa tu kutoka mdomo wa mtutu.

"Mdeki uko wapi?" mjomba aliuliza. Ndiyo ile fimbo ndefu ya kusafishia.

Mdeki ulikuwa nyumbani. Niliupigia misumari miwili ukutani, sawasawa kabisa, nikaupima kwa rula, na asubuhi ile nilipoutazama niliona umekaa vizuri mno, sikutaka kuuondoa mahali pake.

"Mdeki uko wapi, baba?"

"Ukutani."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilikata kijiti kibichi, nikakichonga, nikakitia mdomoni mwa mtutu, nikagonga kwa jiwe. Kilipinda. Nikagonga tena. Kikakatikia ndani.

"Basi, acha," alisema.

"Karibu, mjomba. Linasogea." Halikuwa linasogea. Nilimdanganya, nikakata kijiti kingine, damu ikichafua kitako. Sikumtazama kulungu. Nilimsikia: alikuwa anakoroma kama mtu aliyelala vibaya.

Kisha sikumsikia tena.

Mjomba alikuwa ameshaanza kuteremka bondeni, anachechemea, miiba inamshika suruali. Nilimfuata. Tulipofika, kulungu alikuwa na joto, macho yamefunguka, na pumzi haipo. Mjomba alipiga goti lake bovu akaweka kiganja ubavuni mwake, akakiacha hapo muda mrefu.

"Angekufa kabla hatujaweza kumfikia, ni mawindo, ni halali," alisema. "Lakini huyu alikuwa hai. Nina kisu, nina miguu, na nilisimama pale nikikutazama wewe. Sasa ni mzoga, si halali kwetu."

Akakirudisha kisu alani. Nyama tulimwachia mzee mwenye shamba, aliyefurahi na hakuelewa.

Nyumbani niliutoa mdeki kwenye misumari yake, nikauingiza, nikagonga mara moja kwa kiganja. Kijiti na ganda vilitoka pamoja, vikaanguka kwenye zulia bila sauti. Mara moja tu! Niliokota ganda. Ubavu wake ulikuwa na mistari, ile ile, kama imepigwa chapa.

Nilimpelekea jikoni. Alipitisha ukucha juu yake.

"Hii nini?"

"Msasa, mjomba. Niliingiza msasa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Maji ya chai yalichemka, hakuna aliyezima jiko.

"Bunduki si kitu," alisema mwishoni. "Chuma kinatengenezwa. Lakini ungeniambia asubuhi, lilipogoma tu ningejua halitoki. Nisingekungoja. Ningeshuka na kisu changu."

Hitma ilisomwa Jumamosi iliyofuata. Walikuja watu kutoka Lanham, na majirani, Wakenya kwa Watanzania. Nyama ya pilau ilitoka kwenye bucha la halali barabarani. Kazi yangu ilikuwa kuwanawisha wageni, na birika na beseni. Mzee mmoja wa Mombasa alinyoosha mikono yake juu ya beseni, akamwita mjomba kwa furaha:

"Sheikh, ndio ile nyama ya mawindo tuliyoahidiwa?"

Nilimtazama mjomba. Nilidhani atanitaja. Nadhani nilitaka anitaje.

"Ya dukani," alijibu, akiweka sinia chini. "Kulungu kanishinda. Uzee."

Watu wakacheka, wakamwombea mama yake. Mimi nilikuwa nimeinama pale na birika, na nafasi ya kusema ilikuwa mbele yangu, wazi. Sikuitumia. Niliendelea kumimina mpaka yule mzee akanigusa mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "inatosha. Imeshatakata."